FISHI, PLAGI NA JAKI: KUCHAGUA NA KUTAJA VIUNGANISHI VYA KIKUZA SAUTI CHA HEDIFONI KATIKA BARAKA NA FIZI

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu akikutana na neno "kiunganishi" hufikiria kwanza maneno kama na, lakini, au, kwa sababu. Yaani maneno yanayofunga neno kwa neno na sentensi kwa sentensi. Fundi wa redio akilitumia neno hilo hilo hukusudia kifaa kinachokutanisha waya na waya, au waya na ubao wa saketi. Viunganishi hivi viwili vinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Kile cha sarufi kazi yake ni kuunga tu. Kile cha fundi sharti kiweze pia kuachanisha kilichokiunga, tena bila kisu wala moto, na kukiunga upya palepale bila kukosea.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi viunganishi vya aina hiyo vinavyochaguliwa kwa ajili ya kikuza sauti cha hedifoni kilichotengenezwa kwa mkono, na jinsi vinavyotajwa kwa Kiswahili katika Baraka na Fizi, mkoani Kivu ya Kusini. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja kwa makusudi. Katika mji ambamo duka la vipuri vya elektroniki liko ng'ambo ya ziwa au ng'ambo ya mpaka, anayelehemu waya aghalabu siye anayekwenda kununua. Kati yao hupita karatasi yenye orodha, na orodha hiyo ni maneno matupu. Hoja kuu ya makala ni kwamba katika mazingira hayo kiunganishi huchaguliwa vizuri pale tu kinapotajwa vizuri, na kwamba neno moja, liwe la asili ya Kifaransa au ya Kiingereza, halitoshi kukitaja.

2.0 Mahali na maneno yake

Baraka iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari. Fizi iko juu milimani, upande wa bara. Barabara ya taifa namba 5 inaiunganisha Baraka na Uvira upande wa kaskazini, na kutoka Uvira mpaka wa Burundi na mji wa Bujumbura ni karibu. Kwa njia ya maji, Kigoma ya Tanzania iko upande wa pili wa ziwa. Kwa hiyo bidhaa zina milango miwili: mlango wa Uvira na Bujumbura, ambako lugha ya ufundi imeegemea Kifaransa, na mlango wa Kigoma, ambako imeegemea Kiingereza kilichokwisha kuvaa sauti za Kiswahili.

Historia ya karibuni imeizidisha hali hiyo. Vita vya mwaka 1996 viliwapeleka watu wengi wa Fizi katika makambi ya mkoa wa Kigoma, ikiwamo kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo huo. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarejesha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Waliorudi walikuwa wameishi miaka mingi karibu na Kiswahili cha Tanzania, na wengine walikuwa wamejifunza kazi za mikono hukohuko. Hivyo katika meza moja ya ufundi yanaweza kusikika maneno ya namna mbili kwa kitu kimoja.

Upande wa Kongo hutumika fishi, prizi, fili, bafle, ampli na ekutere. Kuunga kwa lehemu ni kusude. Upande wa Tanzania hutumika plagi, soketi, waya, spika, amplifaya na hedifoni. Kuunga kwa lehemu ni kulehemu, neno lenye asili ya Kiarabu. Kama kila neno la upande mmoja lingekuwa na mwenzake kamili wa upande wa pili, tatizo lingekuwa dogo: ingetosha kuandika jedwali la safu mbili na kulibandika ukutani. Lakini mipaka ya maana hailingani, na mifano mitatu inatosha kuonyesha jambo hilo.

Kwanza, prizi. Katika Kifaransa neno linaloizaa hutumika kwa tundu la ukutani, lakini pia kwa kiunganishi chochote, cha kiume au cha kike. Basi anayeandika "prizi moja" amesema kwamba anataka kiunganishi, hajasema upande upi. Soketi ya Tanzania, kinyume chake, ni tundu tu.

Pili, jaki. Kwa mafundi wenye mazoea ya Kifaransa, jaki aghalabu ni kile kinachochomekwa, yaani kijiti chenye ncha na pete mwishoni mwa waya wa hedifoni. Katika istilahi ya Kiingereza neno hilo hilo ni la tundu linalopokea kijiti hicho. Tena neno "jeki", likisomwa na Mtanzania asiyejua habari za redio, humletea picha ya chombo cha kuinulia gari, ambacho Mkongomani hukiita kriki. Orodha yenye neno "jaki mbili" inaweza kusomwa sawasawa na watu watatu, na kila mmoja akaleta kitu chake.

Tatu, kipaza sauti. Neno hili la Kiswahili sanifu hutumika kwa maikrofoni na pia kwa spika kubwa ya mkutano. Ndiyo maana makala haya yanatumia "kikuza sauti" kwa saketi yenyewe, "hedifoni" kwa kifaa cha masikioni, na "maikrofoni" kwa kifaa cha kusemea. Kwa viunganishi yatatumika "plagi" kwa upande unaoingia na "soketi" kwa upande unaopokea.

3.0 Kikuza sauti na milango yake

Kikuza sauti cha hedifoni ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya chanzo cha sauti na masikio ya msikilizaji. Chanzo chaweza kuwa simu, redio, kompyuta au meza ya kuchanganyia sauti. Manufaa yake huonekana zaidi pale ambapo tundu moja la hedifoni linapaswa kuhudumia watu wawili au watatu, kwa mfano katika studio ndogo ya redio ya jamii yenye mtangazaji na mgeni wake, au katika chumba ambamo kwaya inarekodiwa.

Mfano unaoigwa sana duniani ni ule wa Chu Moy, uliosambaa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kupewa jina la CMoy. Hutumia betri ya volti 9, aisi ya kukuza sauti, rezista na kapasita chache, na kidhibiti cha kupandisha na kushusha sauti. Rezista mbili zinazolingana huigawa betri katikati, na nukta hiyo ya kati, yenye volti 4.5 juu ya upande hasi, hutumika kama sifuri ya sauti. Jambo hilo la sifuri ya kati likumbukwe, kwa maana lina matokeo makubwa mahali ambapo umeme hutoka katika betri moja inayochajiwa na jua.

Kisanduku hicho kina milango mitatu: umeme unapoingia, sauti inapoingia, na sauti inapotoka kwenda kwenye hedifoni. Zaidi ya hiyo, ndani ya kisanduku waya hutoka ubaoni na kwenda kwenye milango hiyo. Waya hizo zaweza kulehemiwa moja kwa moja, lakini hapo kila matengenezo yatadai chuma cha moto, na ubao hauvumilii kuunguzwa mara nyingi. Viunganishi vya ndani humwezesha fundi kuutoa ubao, kuukagua na kuurudisha.

Kanuni ya kuchagua inaweza kuelezwa kwa maswali mawili. La kwanza: nani atakichomoa kiunganishi hiki, na mara ngapi? La pili: akikichomeka mahali pasipo pake, kitatokea nini? Mlango unaoguswa kila siku na mtu asiye fundi unastahili kiunganishi kigumu kuvunjika na kisichoweza kukosewa. Kiunganishi cha ndani, kitakachofunguliwa na fundi labda mara moja kwa mwaka, kinaweza kuwa chepesi, ila kishike imara.

4.0 Mlango wa umeme

Mkondo unaotumiwa na kikuza sauti cha namna hii ni mdogo, kwa kawaida milliampea chache hadi makumi kadhaa. Hivyo swali la "kitabeba ampea ngapi?", ambalo ni la kwanza kwa mtu anayefunga paneli ya jua, hapa halina uzito. Uzito uko katika mwelekeo wa chanya na hasi, na katika kuzuia plagi ya kitu kingine isiingie.

Kwa betri ya volti 9, kifuniko chake cha vifungo viwili ni kiunganishi kizuri kwa kuwa hakikubali kufungwa kinyume, ijapokuwa vifungo vyaweza kugusana kwa nukta moja mtu anapotafuta upande. Katika betri yenyewe kifungo kidogo ni chanya, kikubwa ni hasi. Mafundi wengi hukitengeneza kifuniko hicho kwa kubandua kichwa cha betri iliyokufa. Ni njia nzuri na haina gharama, ila ina mtego wake: kichwa cha betri ya zamani kikikutana na betri mpya, kifungo chake kikubwa ndicho kinachoshika kifungo kidogo cha betri mpya. Basi waya nyekundu sharti ilehemiwe kwenye kifungo kikubwa cha kichwa hicho. Anayefuata alama zilizokuwa kwenye betri ya zamani atageuza umeme, na aisi inaweza kuharibika mara moja. Dayodi moja katika njia ya chanya, kama 1N5817, huikinga saketi na kosa hilo kwa kupoteza sehemu ndogo tu ya volti.

Wengine hupendelea plagi ya duara yenye tundu katikati, ile inayoonekana kwenye chaja za vifaa vingi. Hapa jina pekee huponza. Plagi hiyo mara nyingi huwa na upana wa nje wa milimita 5.5, lakini tundu lake la ndani laweza kuwa milimita 2.1 au 2.5. Plagi ya 2.1 haiingii katika soketi yenye kijiti cha 2.5. Plagi ya 2.5 huingia katika soketi ya 2.1, lakini hushika kwa kulegea, na umeme hukatika kila meza inapotikiswa. Kwa macho hazitofautiani. Tena si vifaa vyote vyenye chanya katikati, kwa hiyo kipimo na mwelekeo viandikwe pamoja.

Kosa kubwa zaidi ni kuunga kikuza sauti cha sifuri ya kati kwenye betri ileile inayoendesha chanzo cha sauti. Katika Baraka na Fizi, ambako watu wengi hutegemea paneli za jua, betri na jenereta, wazo hilo huja lenyewe: betri ipo mezani, kwa nini isitumike? Lakini sifuri ya redio au ya meza ya kuchanganyia sauti kwa kawaida ni upande hasi wa betri, ilhali sifuri ya kikuza sauti ni nukta ya kati. Waya wa sauti unapochomekwa, sifuri hizo mbili hukutanishwa, nusu moja ya mgawanyo wa umeme hufungwa, na sauti hukwaruza au hutoweka kabisa. Fundi hubadilisha aisi, kisha rezista, kisha kapasita, na kosa halionekani kwa sababu halimo ndani ya kisanduku. Mlango wa umeme usiofanana na plagi za betri ya jua ni njia mojawapo ya kulizuia kosa hilo lisizaliwe. Kifuniko cha betri ya volti 9 kinatimiza kazi hiyo vizuri kuliko plagi ya duara.

5.0 Mlango wa kuingiza sauti

Kwa sauti inayoingia, viunganishi viwili hutumika zaidi. Cha kwanza ni kile cha kijiti kimoja katikati na kola ya chuma kuzunguka, kinachojulikana kwa jina la RCA, kutokana na kampuni ya Marekani Radio Corporation of America. Katika nchi zenye mazoea ya Kifaransa hicho hicho huitwa Cinch. Mwenye orodha iliyoandikwa "sinchi" aliyefika Kigoma, na mwenye orodha ya "arisiei" aliyefika Bujumbura, wote wawili wanatafuta kitu kimoja.

Kiunganishi hiki ni rahisi kupatikana, maana kila deki ya zamani iliyokufa inayo. Upungufu wake ni kwamba kijiti cha katikati hugusa kabla ya kola. Kwa muda mfupi sauti imeungwa lakini sifuri haijaungwa, na masikioni hupita mngurumo mkali. Kwa spika ni kero. Kwa mtu aliyevaa hedifoni inaweza kuwa hatari kwa masikio. Desturi ya kushusha sauti hadi mwisho kabla ya kuchomeka inapaswa kuandikwa juu ya kisanduku chenyewe.

Cha pili ni plagi ya milimita 3.5, ambayo ina faida ya kupokea waya wa simu na redio ndogo moja kwa moja. Tatizo ni kwamba mlango wa kutokea nao huwa wa namna hiyo hiyo. Milango miwili inayofanana, katika kisanduku kimoja, itachanganywa, hasa gizani. Ni busara basi mlango wa kuingilia uwe RCA na wa kutokea uwe wa hedifoni, hata kama fundi anazo soketi nne za aina moja.

6.0 Mlango wa hedifoni

Plagi ya hedifoni ina ukubwa wa aina mbili. Ile ya milimita 6.35 imerithiwa kutoka kwenye mbao za kuunganishia simu za karne ya 19. Ile ya 3.5 ilienea pamoja na redio ndogo za transista, na baadaye pamoja na Walkman ya Sony ya mwaka 1979. Soketi ya 6.35 ni imara zaidi na inafaa studio, lakini hedifoni nyingi za mitumba na za simu ni za 3.5. Ikiwa kisanduku kitatumiwa na wengi, soketi ya 3.5 inayokazwa kwa nati kwenye ukuta wa kisanduku ni afadhali kuliko ile inayolehemiwa ubaoni tu, kwa maana nguvu ya mkono huishia kwenye ukuta, si kwenye lehemu.

Katika plagi ya kawaida ya hedifoni kuna sehemu tatu: ncha ni sauti ya kushoto, pete ni ya kulia, shina ni sifuri ya pande zote mbili. Uzima wa shina ndio unaostahili kuangaliwa zaidi. Tuseme hedifoni ina ukinzani wa omu 32 kila upande, na mguso wa shina umepata kutu hadi kufikia nusu omu. Sauti ya kushoto ikipita peke yake, sehemu ya 0.5 kwa 32.5, yaani takriban asilimia 1.5, itavuja kwenda sikio la kulia. Hilo bado linavumilika. Lakini shina likikatika kabisa, hedifoni mbili hubaki zimefungwa mfululizo kati ya kushoto na kulia, na kinachosikika ni tofauti ya pande hizo mbili tu. Sauti iliyo sawa kushoto na kulia hujifuta yenyewe. Katika matangazo, sauti hiyo kwa kawaida ni ya mtu anayesema. Mtangazaji husikia muziki umekonda, na maneno yake mwenyewe hayamo. Mara nyingi maikrofoni hulaumiwa, ikafunguliwa bure, ilhali kosa ni mguso mmoja wa soketi.

Mitego mingine miwili ya mlango huu itajwe. Plagi ya sehemu mbili, ya sauti ya upande mmoja, ikichomekwa katika soketi ya sehemu tatu hufunga upande wa kulia moja kwa moja kwenye sifuri. Rezista ndogo katika kila njia ya kutokea huiokoa aisi. Nazo plagi za hedifoni za simu zina sehemu nne, kwa sababu ya maikrofoni, na mpangilio wa sifuri na maikrofoni haukuwa mmoja kwa watengenezaji wote. Mguso wa sifuri wa soketi ya sehemu tatu unaweza kuangukia pete isiyo yake, na hapo sauti ya msemaji hutoweka kama ilivyoelezwa.

7.0 Ndani ya kisanduku

Viunganishi vya ndani hutambuliwa kwanza kwa umbali kati ya pini na pini. Vya kawaida ni milimita 2.54, 2.5 na 2.0, na vile vya kukaza kwa skrubu mara nyingi huwa 5.08. Hapa majina ya watengenezaji hupotosha. JST, kwa mfano, ni jina la kampuni ya Japani yenye familia nyingi za viunganishi: XH ni ya milimita 2.5, PH ya 2.0, VH ya 3.96. Anayeandika "JST" bila nambari hajaandika kitu. Tofauti ya 2.5 na 2.54 haionekani kwa pini tatu, lakini kwa pini kumi hukusanyika kufikia milimita 0.36, na kiunganishi hakiingii bila kulazimishwa.

Pini zilizo wazi, zisizo na ukuta, ni rahisi kupata lakini hukubali kuchomekwa kinyume, au kwa kuruka pini moja. Zile zenye ukuta na mfereji upande mmoja hukataa. Kwa kikuza sauti hiki kuna hila nyepesi inayoondoa makosa yote ya ndani: pini 2 kwa umeme, pini 3 kwa sauti inayoingia, pini 4 kwa sauti inayotoka. Hakuna kimoja kitakachokubali mahali pa mwenzake. Ile pini ya nne haipotei, kwani sifuri ya kushoto na ya kulia hupata kila moja waya wake hadi kwenye soketi, na ule uvujaji wa sauti uliotajwa hupungua.

Namna waya unavyoshikwa na pini ni muhimu kama pini yenyewe. Kubana kwa koleo lake maalumu hukandamiza nyuzi za shaba mpaka hewa isipate nafasi, na mguso hudumu. Anayebana kwa koleo la kawaida kisha akaongeza lehemu nyingi huufanya waya kuwa mgumu kama ukuti pale unapoanzia, na hapo ndipo utakapokatika, hasa kisanduku kikipanda milima ya Fizi juu ya pikipiki. Asiye na koleo maalumu atafanya vyema kutafuta waya zilizokwisha kubanwa kiwandani, katika printa, deki na kompyuta zilizokufa. Kwa viunganishi vya skrubu, ncha ya waya isipakwe lehemu kwanza: lehemu ni laini, hutambaa polepole chini ya mgandamizo, na skrubu iliyokazwa leo hulegea baada ya muda.

Mwisho, unyevu wa ziwa. Pini iliyopakwa dhahabu iende na tundu la dhahabu, na ya bati iende na la bati. Metali hizo mbili zikichanganywa, mguso huchakaa upesi, na kiunganishi cha bei kubwa hushindwa na cha bei ndogo.

8.0 Namna ya kuandika orodha

Kiswahili kina uwezo wa kueleza mambo haya kwa usahihi kuliko orodha za neno mojamoja. Katika kitenzi chenyewe lugha imekwisha kuweka wazo la kiunganishi kinachoachanishika: chomeka na chomoa, kama funika na funua, ziba na zibua. Kauli ya kutendua ndiyo inayotenga kiunganishi na kiungo cha lehemu, maana kilicholehemiwa hakichomoleki. Tatizo si upungufu wa lugha. Tatizo ni kuwa nomino moja ya mkopo hubebeshwa kazi ya kirai kizima.

Orodha iliyo salama hutaja mambo matano, kwa mpangilio mmoja daima: kazi ya kiunganishi, upande wake (cha kiume au cha kike), idadi ya sehemu au pini, kipimo kwa milimita, na mahali kinapokazwa (kwenye waya, ukutani mwa kisanduku, au ubaoni). Badala ya "jaki mbili" itaandikwa: "kiunganishi cha hedifoni, cha kike, sehemu 3, milimita 3.5, cha kukazwa ukutani kwa nati, 2". Badala ya "prizi ya chaja" itaandikwa: "kiunganishi cha umeme, cha duara, cha kike, nje 5.5, kijiti cha ndani 2.1, cha ukutani; 1". Maneno hayo yanasomeka Kigoma na Bujumbura, kwa mtu aliyezoea fishi na kwa aliyezoea plagi. Nambari hazina lahaja.

Fundi hapaswi kulazimishwa kuacha neno lake. Fishi na plagi yataendelea kuishi pamoja Baraka, kama yanavyoishi pamoja maneno mengine ya pande mbili za ziwa. Kinachopendekezwa ni kwamba neno la nyumbani liandikwe mwanzoni mwa mstari kama apendavyo mwenyewe, na mambo yale matano yafuate.

9.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika kikuza sauti kidogo cha hedifoni kiunganishi bora si lazima kiwe kile cha gharama wala kile cha kubeba mkondo mkubwa. Ni kile kinachozuia kosa lenye madhara: kugeuza umeme, kukutanisha sifuri mbili zisizokutana, au kupoteza sauti ya msemaji. Imeonyeshwa pia kwamba maneno yanayotumika Baraka na Fizi yamefika kwa njia mbili na hayapimani sawasawa, hivyo neno moja huweza kumfanya msafiri arudi na kitu kisichoingia.

Safari ya Uvira au ya kuvuka ziwa ina nauli, siku na wasiwasi wake. Studio iliyonyamaza kwa sababu ya soketi moja husubiri safari ya pili, na wasikilizaji wake husubiri nayo. Walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaopenda kuchangia katika istilahi za ufundi wanaweza kuanzia hapo, kwa kukaa karibu na meza ya fundi, kusikiliza jinsi anavyotaja vitu vyake, na kumsaidia kuandika orodha ambayo mtu wa mbali hawezi kuisoma vibaya.